Bado Sijapata Chumba, Baba Mwajuma

Baba Mwajuma,

Amani iwe nawe huko uliko. Sisi tupo, ila hatujui Ijumaa tutakuwa wapi.

Mwenye nyumba alisubiri nimalize eda. Lazima nimsifu, ana dini. Miezi minne na siku kumi hakukohoa hata mlangoni. Kesho yake, harufu ya udi haijatoka ndani, akabisha hodi. "Pole sana mama. Nyumba naikarabati." Akanipa mpaka Ijumaa hii. Anaikarabati kwa ajili ya wageni wa reli mpya, wanaolipa mwaka mzima kwa mpigo. Treni ya umeme yenyewe hapa Tabora hatujaipanda. Kodi yake tumeshaanza kuilipa.

Basi nikatafuta chumba. Mke wa dalali wa vyumba, anatafuta chumba! Pale stesheni walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Mwenzako Mashaka akataka kwanza pesa ya kuonyeshwa. "Shemeji, undugu na kazi tusichanganye." Akanipeleka dakika tano kutoka stesheni. Nilitembea dakika arobaini, nikamwuliza kama tano zake ni za pikipiki. Chumba cha pili hakikuwa na komeo. Mwenye nyumba akanituliza kwamba wezi wa mtaa ule anawafahamu wote. Sikuona kama hiyo ni sifa.

Kule Ntalikwa, nje ya mji, vipo vya bei nafuu, na hewa safi. Lakini alfajiri nitatokaje kule na beseni la vitumbua, njia yote mashamba, nifike kabla abiria hawajashuka? Na Mwajuma nimwachie nani? Sitafuti kukaa karibu na reli kwa fahari. Ndiko waliko wateja wangu.

Mwajuma amefunga madaftari yake kwenye kanga, anasema, "Mama, mimi niko tayari," kama msafiri. Sijamwambia kwamba hakuna tunakokwenda.

Wiki iliyopita Mashaka akanitajia nyumba ya Bi Mwasiti, ng'ambo ya reli. Kodi ndogo, mlango wa chuma, bomba uani. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Mteja hapelekwi mvua ikinyesha." Nikangoja mvua za kwanza, nikaenda peke yangu. Ulinifundisha kazi bila kujua.

Baba Mwajuma, ukuta wa nyuma ulikuwa unatoa maziwa. Kiangazi chote ulisimama mweupe, sasa chokaa inatiririka mpaka mtaroni, na chini yake inatokea X nyekundu, ndefu kuliko Mwajuma. Ile ile waliyoichora watu wa vipimo kwenye nyumba zitakazobomolewa kupisha reli.

Bi Mwasiti alinikuta nimekodoa macho. Hakuona haya. "Unashangaa nini, mwanangu? Akili ya chokaa alinipa mumeo, Mungu amrehemu. Hata ndoo alibeba yeye."

Kuna siku ulirudi na chokaa kwenye viatu. Ulisema umesaidia kupaka msikiti. Nilivisugua viatu vile kwa mkono wangu, nikakuita mcha Mungu, na jioni tukala nyama. Nyama ile… basi.

Bi Mwasiti akasema nihamie kesho, kwa nusu ya kodi, alimradi nifunge mdomo. Chumba cha mbele yupo nesi mwenye mtoto mchanga, kalipa mwaka mzima, hajui lolote. Uliyempeleka ni wewe, wiki chache kabla hujaugua.

Nikwambie kweli? Nilikubali. Nilishapanga na kichwani kitanda kikae upande gani.

Nesi akatoka mbio kuanua nepi, mtoto mgongoni. "Shikamoo mama! Wewe ndiye jirani mpya?" Nikaitika marahaba. Nikamshika mkono, nikamzungusha nyuma ya nyumba, akaona.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Yule dalali mpole, yeye alijua?"

"Alikuwa mume wangu," nikamwambia. "Alijua."

Bi Mwasiti alinitoa na ufagio. "Mjane mjinga wewe! Nenda kalale na ukweli wako!"

Leo Jumatano. Jana nimezunguka na nesi, naye hataki kusubiri matingatinga. Tukikuta chumba, tutagawa kwa pazia. Wenye nyumba wakiona wanawake wawili na mtoto anayelia, chumba kinakuwa kimechukuliwa dakika hiyo hiyo. Nimemwomba nesi akusamehe. Amesema atafikiria. Nadhani amenijibu kwa adabu tu.

Mimi nakuombea kila baada ya swala, usidhani nimeacha. Lakini kukusamehe, bado. Nimejaribu nikikanda unga, nimejaribu njiani, haitoki. Nakumiss na nina hasira na wewe, vyote kwa pamoja, na sina hata mlango wa kufunga nilie vizuri.

Ahadi yangu ni hii. Siku nitakayofungua mlango wa chumba ambacho hakitabomolewa, kabla sijaingiza hata sufuria, nitakaa sakafuni nikusamehe kwa sauti, Mwajuma akinisikia. Sitabakiza kitu. Kabla ya hapo sina pa kukaa nikaifanya kazi hiyo.

Kwa hiyo pumzika, mume wangu, ila usipumzike sana. Tuombee chumba. Ijumaa ni keshokutwa, na anayekihitaji chumba hicho zaidi yetu ni wewe.

Mkeo,
Mama Mwajuma