Mbegu ya Mama Juu ya Mafiga

Jumamosi, Novemba inaisha. Tangu asubuhi Mbozi imefunikwa na wingu, kila mtu anasubiri mvua ya kupandia. Mimi nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni kwa marehemu mama, mikono inanuka kuvu.

Nimekuja kutoka Vwawa kuchukua mbegu yake. Ni mahindi meupe aliyopewa na mama yake siku alipoolewa. Majirani waliyaacha zamani, wananunua ya paketi. Yeye kila mwaka alichagua makubwa, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika juu ya mafiga, moshi uyakaushe.

Nimepanda darini nikashusha jozi ya kwanza. Imejaa nyuzi nyeupe kama pamba, na juu yake vichwa vidogo vyeusi. Nikashusha ya pili, ya tatu.

Yote.

Hili ni somo langu jamani. Nafundisha sayansi darasa la sita. Kila mwaka tunafunika kipande cha mkate uliolowana, nawaambia watoto kuvu si doa, ni nyuzi. Zinatambaa ndani ya chakula na kukifyonza siku nyingi kabla jicho halijaona kitu. Vile vichwa huja mwishoni, vikipasuka spora zinapeperuka kwenda kuanza pengine. Nayajua hayo kama jina langu. Na bado mwezi wa saba ni mimi niliyemletea mama jiko la gesi, nikamhamishia upishi ndani ya nyumba na kufunga mlango huu, mahindi yakiwa juu hata hayajakauka.

Nilihofia kikohozi chake. Alisema tu, "Moshi huu una kazi nyingine, mwanangu." Nikamcheka, nikamwambia hayo mambo ya kizamani.

Sikumuuliza kazi gani.

Mchana Mama Neema, jirani yake, amenikuta na rundo uani. Nikamwambia heri mama amekufa bila kuyaona. Akainama, akaokota hindi moja.

"Aliyaona, mwalimu. Mwezi wa nane nilimshikia ngazi. Akasema usiambiwe, utajilaumu bure, na gesi umeileta kwa upendo."

Kwa hiyo Jumapili zote zile nilizokuja, akinichemshia chai na kuisifu gesi yangu, alikuwa anajua. Mimi nikinywa na kujiona mtoto mwema. Naona aibu hata kuandika.

Siwezi kuwapa hata kuku, sumukuvu inaua. Nimeyachoma kwenye mafiga yaleyale. Ni moto wa kwanza hapa tangu mwezi wa saba, na nilisimama mbali mlangoni nikikohoa na kulia.

Matone yameanza kugonga bati. Shamba limeshalimwa, haliwezi kukaa tupu. Kesho nitanunua mbegu ya paketi kama watu wote.

Shamba la mama halijawahi kuipokea.