Vijiko Vitatu kwa Futari Moja

Kibokoni, Mombasa
Mwezi wa Ramadhani

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono kutoka mbali. Kifua chako kimepoa? Mimi ni mzima, ila ule mguu uliopondwa na sanduku gatini bado wauma.

Nimesikia umeletewa habari huko Lamu kwamba tangu mke wangu Salma afariki nimekuwa mla afyuni, nawe ukalia. Mama, hebu nisikilize.

Hospitali walinipa dawa ya maji ya maumivu, kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alinionya: italeta usingizi, kichefuchefu, mwili kuwasha na choo kigumu. Hakuniuliza kama nafunga, nami sikumwambia. Ni Ramadhani ya kwanza bila Salma. Sikutaka kula mchana katika nyumba ambamo yeye alikuwa akionja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, kisha akitema upesi na kucheka. Basi nikavumilia maumivu mchana kutwa, na kila magharibi nikinywa vijiko vyote vitatu pamoja, juu ya tende.

Siku ya tatu jirani yangu Bi Zena aliniletea uji, akanikuta nimelala barazani, midomo imebadilika rangi, pumzi zaja moja moja. Akanizaba makofi.

"Wee Salehe! Amka! Mkeo tumemzika juzi, nawe wataka tukuchimbie?"

Akawa akinitikisa na kunitukana mpaka dresa alipofika. Watu walikuwa wamejaa, nao wakamsikia akisema kuwa ndani ya dawa mna mofini, na mofini hutoka katika afyuni; ikizidi, hukata pumzi. Neno lilianzia hapo.

"Mimi ni Mkristo wa Taita," dresa akaniambia, "lakini hata mimi najua mgonjwa hafungi!"

Sasa nakula mchana, na dawa nanywa kijiko kimoja kimoja kwa saa zake. Usingizi umepungua, na papai lanisaidia choo. Jana nilifika msikitini kwa mkongojo. Dresa asema huenda wiki ijayo nikaiacha kabisa. Siku nilizokula nitazilipa nikipona.

Habari uliyoletewa ina nusu ya ukweli, ndiyo maana nimekuandikia yote. Kama radhi yako ningali nayo, niandikie hata mstari mmoja.

Nisalimie Mama Mdogo aliyeninyoa nywele za utotoni, na shemeji yangu fundi cherehani.

Bi Zena amesimama mlangoni, asema niandike hivi: "Mwambie mamako chupa naiweka mimi, na kwangu hapewi mtu vijiko viwili."

Mwanao akupendaye,
Salehe