Ree Niliyoibandua

Baba Yuliana,

Samaki yuko sufuriani, mfunike paka asimfikie. Mie na mtoto tuko Mtoni kwa dada Margareta.

Ulipotoka tu asubuhi, Mzee Fakihi alikuja kudai chumba chake. Mkewe kamwambia kwamba jana karata ya ree ya kopa iligeuka shupaza mkononi mwako, naye hapangishi wachawi. Nikamwambia ni mchezo, hakuamini. Basi nikaitoa ile karata chini ya godoro, nilikoiona juzi nikitandika, nikailowesha na kuibandua mbele yake. Huku kopa, huku shupaza, katikati uji wa muhogo. Akacheka mpaka akakaa chini. Hatuhami.

Lakini najua uliitengeneza kwa ajili ya arusi ya Jumamosi. Nimefagia uani mara mbili, naogopa utakavyonitazama, ndiyo maana sikukusubiri.

~~Nisamehe.~~ Hapana, nimefuta. Uliniapia ni wepesi wa vidole, nami nikawa nashangaa pamoja na wageni, kwenye chumba changu mwenyewe.

Usiinue jiwe la kusagia. Chini yake kuna ree nyingine, nimeibandika mie, bado haijakauka. Yako ilikuwa imefura pembeni.

Mama Yuliana