Chanjo ya Mpangaji

9 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kiwe kimekupa nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Hoteli imejaa wageni, basi napiga pasi mashuka mpaka mvuke unanibabua mikono. Mjukuu wako anakua haraka sana, viatu ulivyomshonea vimeshambana.

Jana nilimsindikiza mwenzangu wa kazini kwenda kumchanja mbwa wake. Nikamweleza daktari wa mifugo kwamba mbwa wetu Mpangaji alichanjwa kichaa cha mbwa akiwa mdogo, kabla sijasafiri, na hajachanjwa tena. Akatikisa kichwa. Anasema ile ya kwanza ni mwanzo tu. Hurudiwa baada ya mwaka, halafu huendelea kila mwaka, isipokuwa kama ni ile aina inayokaa miaka mitatu. Kwa vyovyote, Baba, ya Mpangaji imekwisha zamani.

Mpeleke, nakuomba. Ningepiga simu, lakini masikio yako nayajua, nitasema mbwa wewe utanijibu habari za mvua.

Mwanao

---

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, ni magoti sasa yanayotaka kusikilizwa. Mpe mjukuu wangu salamu, na unichoree wayo wake kwenye karatasi nimkatie viatu vingine.

Habari ya chanjo nimeisoma. Nikamsomea na jirani yangu kinyozi, tukacheka. Mimi nilichanjwa ndui mara moja tu, nikiwa mtoto, na kovu lake liko begani mpaka leo. Sasa mbwa ana damu gani ya kifahari hata achanjwe kila mwaka? Huyo alikuja mwenyewe, akalala mlangoni pa kibanda changu bila kuomba ruhusa wala kulipa kodi. Ndiyo maana anaitwa Mpangaji.

Mzima kabisa. Juzi alipigana na mbwa mgeni kule jalalani akarudi na sikio limechanika, lakini jioni alikula kama kawaida. Usijitie wasiwasi.

Baba yako

---

21 Machi

Mwanangu,

Natumaini wewe na mtoto hamjambo. Mimi ni mzima, ingawa barua hii naiandika kwa shida maana mkono umefungwa.

Mpangaji hayupo tena. Alianza kwa kukataa chakula, akajificha chini ya meza yangu ya kazi. Sauti ikamkauka, mate yakawa yanamtoka. Nilipoinama nimtoe, akaning'ata mkono. Mbwa yule yule anayelala juu ya miguu yangu, akanitazama kama hanijui. Walikuja watu wa mifugo, wakammaliza. Wamepima, wamesema ni kichaa.

Nilijiosha kwa sabuni na maji mengi, nikakimbilia zahanati. Nimeanza sindano na nitazimaliza zote, kwa hilo usiwe na hofu. Ulisema kweli, mwanangu, na mimi nilikuwa na kichwa kigumu.

Muuguzi aliniuliza kama kuna mwingine aliyeng'atwa. Nikamwambia hakuna. Siku chache kabla ya hapo, Mpangaji akiwa bado mzima, alimkwaruza kinyozi kidole kwa jino walipokuwa wakicheza. Damu ilitoka kidogo tu. Kinyozi aliuliza aende hospitali, nikamwambia, "Wewe nawe, mbwa huyu amechanjwa." Sikuona kama hilo ni la kumsumbua muuguzi.

Baba yako

---

14 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa. Namshukuru Mungu ulikimbilia sindano. Usiruke hata moja, hata ukijisikia mzima.

Pole na Mpangaji. Najua kibanda kimekuwa kitupu. Mtoto alilia, akauliza babu sasa anaongea na nani akishona. Nikamwambia babu ana kinyozi. Ameanza shule, mwalimu wake anasema mdomo wake haufungi. Wayo wake huu hapa, nimeuchora nyuma ya karatasi. Kazini wametuletea pasi mpya ambazo hazibabui sana, na msimamizi amenihamishia upande wenye dirisha.

Halafu Baba, kinyozi naye aende, hata kama ni mkwaruzo.

Mwanao

---

8 Mei

Mwanangu,

Sina moyo wa kukuuliza hali, nisamehe.

Barua yako ilifika kinyozi akiwa ameshalazwa. Kidole kilianza kumwasha, akasema ni mtikisiko wa mashine ya kunyolea. Kisha homa. Kisha maji yakamshinda. Nilipoingia wodini alikuwa ameshika kikombe, anakitazama, na koo linakataa kabla hakijafika mdomoni. Daktari alinivuta pembeni akaniambia dalili zikishatokea hakuna dawa tena. Zile sindano zingemfaa mapema, aliponiuliza.

Alikuwa na akili zake bado. Akaniambia, "Fundi, ulisema amechanjwa."

Nikasema, "Nilisema."

"Alichanjwa kweli?"

"Mara moja. Zamani."

Akakiweka kikombe chini. Halafu akasema, "Basi. Ulisema ulivyojua."

Lakini sikusema nilivyojua, mwanangu. Wewe ulikuwa umeshaniambia. Yeye mwenyewe nilimsomea barua yako, na tulipocheka, mimi ndiye niliyeanza. Tumemzika Ijumaa. Shemeji, mkewe, hakunitazama.

Baba yako

---

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Usiubebe peke yako. Namba ya kinyozi ninayo kwenye simu yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniunganisha na wewe ukiwa mgonjwa. Nilisoma kwamba ameng'atwa, nikaandika habari za pasi na dirisha, halafu yeye nikampa mstari mmoja mwishoni. Simu ilikuwa mfukoni mwangu wakati naandika. Kwa nini sikumpigia, sijui. Nadhani uliponiambia ni mkwaruzo, na mimi nilitaka uwe mkwaruzo.

Nikipata ruhusa nitakuja. Nataka kumpa shemeji yako pole kwa mdomo wangu.

Mwanao

---

17 Agosti

Mwanangu,

Natumaini mtoto na wewe mko salama. Mimi naamka, nashona, nalala. Kibanda cha kinyozi bado kimefungwa. Wateja wake wakija wanaulizia kwangu, na kila mmoja inabidi nimwambie.

Jumamosi walikuja watu wa mifugo kuchanja mbwa bure kwenye uwanja wa shule. Nilikwenda kuwasaidia kushika. Nilijitolea tu, nimezoea kushika vitu visivyotaka kushikwa. Palikuwa na kelele na kamba zilizosokotana, watu wengi wakisema, "Huyu wangu alichanjwa mwaka juzi, nimekuja basi tu." Kila aliyesema hivyo nilimsimamisha nikamwambia ya kwangu. Yote, na jina la ugonjwa, na nani alikufa. Wengine walinikwepa. Sikujali.

Karibu na kufunga nikaona shemeji anaingia langoni. Tangu awe peke yake amechukua mbwa wa kumlindia nyumba, jike jeusi, bado mdogo. Foleni ilikuwa imekwisha na mshikaji aliyebaki ni mimi. Alisimama mbali kidogo. Nilidhani atageuka. Akaja, akaninyooshea kamba.

Nilimshika yule mbwa, nikamziba macho kwa kiganja. Sindano ikaingia, wala hakulia. Daktari akasema, "Mwakani tena, mwezi kama huu."

Shemeji akachukua kamba. Akapiga hatua kadhaa, akasimama, akasema bila kugeuka, "Utanikumbusha?"

Nikamwambia sitamkumbusha, nitakuja mwenyewe kumchukua mbwa mlangoni.

Akasema sawa, akaenda.

Baba yako