Madawati Yaliyo Njiani

Bweni la Kiwanda cha Samani,
Chumba cha Nyuma.
Tarehe 9 Novemba, mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua cha mama kimetulia. Shemeji hajambo? Na watoto? Mimi mzima, ila mgongo umezeeka kabla yangu.

Barua hii nimempa fundi umeme anayekuja huko likizo. Ukipigiwa simu unaiweka spika, na haya si ya kusikiwa na majirani. Kama bado hujauangusha mti wa marehemu baba upate mbao, weka msumeno chini usome kwanza.

Uliniambia kamati ya shule imekuahidi kazi ya madawati. Kaka, madawati hayo tunayatengeneza huku. Juzi nilikuwa nafunga maboksi ya msaada, nikakuta jina la shule yetu limepigwa chapa ubavuni. Nikafurahi kama mjinga, nikawaita wenzangu: "Njooni muone, hapa ndipo nilipojifunza kusoma!" Kisha nikaikumbuka karakana yako, nikaligeuza boksi jina litazame ukuta.

Nilimuuliza msimamizi, tunayemwita Kengele, kwa nini wasitume fedha ili mafundi wa kwetu watengeneze. Alicheka.

"Wewe una wazimu? Serikali yetu inatoa msaada kwa sharti vitu vinunuliwe hapa. Bila oda hizi kiwanda kingefungwa. Wewe unadhani unakula nini?"

Nikarudi kufunga maboksi. Dawa za mama na mabati ya jiko lako vimetoka kwenye maboksi hayohayo. Kwa mkono huu nakulisha, kwa ule nakupokonya tonge.

Sisemi watu wa huku ni wabaya. Mzee ninayepiga naye msasa huchangia shule za kwetu kutoka mshahara wake. Alidhani kwetu hakuna ajuaye kushika randa. Nilipomwambia kaka yangu ni seremala, aliweka msasa chini, akasema, "Mbona hatukuambiwa?"

Na madawati yenyewe ni ya unga wa mbao ulioshikwa na gundi. Paa la shule unalijua linavyovuja. Yakilowa yatavimba kama mkate ndani ya chai.

Kengele anasema mzigo hauondoki mpaka kamati itie saini ya kuupokea. Basi simama kwenye mkutano wa wazazi. Waombe wakatae, wadai fedha za kununua mbao huko. Usiwafiche: huenda wakakosa vyote viwili. Mwalimu mkuu atakuita mchoyo, atasema unataka watoto wakae chini ili wewe ule. Meza mate, useme.

Jua na hili. Maboksi mengi ya msimu huu ni ya shule za wilaya yetu. Mkikataa nyinyi na wenzenu wakawafuata, wageni ndio tutakaotolewa kazini kwanza. Nimelipima. Sema tu, usinionee huruma.

Nisalimie shangazi na shemeji, na yule mtundu aliyevunja randa yangu. Mama msomee salamu tu, haya mengine ruka. Mungu ayape maneno yako uzito siku hiyo.

Wakipokea madawati, mti uache usimame, nami nitarudi mkataba ukiisha, miaka miwili ijayo. Wakikataa, usiuguse peke yako. Nisubiri mwezi wa tatu, watakapokuwa wameshanitoa kazini, nije nishike upande wa pili wa msumeno.

Akupendaye daima,
Mdogo wako