Kisanduku cha Rehema Kimelala kwa Chifu

Jumamosi, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini matope yamefika hadi kizingitini, na moyo wangu uko hivyo hivyo, umechafuka wote.

Shajara wee, leo sina raha.

Nimeketi kwenye kigoda, beseni la viazi liko mbele yangu na sijamenya hata kimoja. Wateja wangu wa viazi karai watakuja wakute jiko baridi. Na waje. Nasikia bisibisi ikizunguka upande wa pili wa pazia. Rehema analifungua lile gari. Analifungua lote.

Ngoja nianze panapostahili, maana mimi nikiwa na uchungu naruka huku na huku kama mafuta yaliyoingia maji.

Rehema ni binti yangu wa kwanza. Amemaliza kidato cha nne, na hesabu aliipita hadi mwalimu wake akaja mwenyewe nyumbani kunipa mkono. Mimi niliishia darasa la nne, na baba yake kusoma alijifunzia kwenye vibao vya barabarani, sasa akili hiyo ameitoa wapi? Kwangu, bila shaka. Baba yake nikimwambia hivyo hucheka tu. Yeye ni dereva wa lori la kwenda Moyale, na hivi ninavyoandika yuko huko kwenye mchanga. Kurudi kwake ni mpaka mwisho wa wiki ijayo, barabara ikikubali. Ningekuwa na njia ya kumwita ningemwita sasa hivi.

Gari lilianza hivi. Dada yangu Salma alikuwa akiwapikia Wazungu fulani huko Lavington. Walipohama wakamwachia vitu vya kutupa, na kimojawapo ni kigari cha mtoto wao, kile cha kuendeshwa kwa redio, walichokikanyaga wenyewe na gari kubwa wakirudi nyuma. Mwili ulikuwa umepondeka kama yai. Kilichopona ni mota yake, kidude cha ndani kinachopokea, na kisanduku cha kushika mkononi, cheusi, chenye vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba na waya wa kuvuta kama ule wa redio. Ukisukuma kijiti, gari linasikia kule liliko. Hakuna kamba, hakuna waya. Mara ya kwanza kuona ile mota ikizunguka yenyewe juu ya meza yangu nilisoma Bismillahi kwa sauti.

Mwingine angebandika plastiki kwa gundi akachezea. Rehema wangu akasema atatengeneza lori la baba.

Na alipima, si mchezo. Baba yake aliporudi safari, Rehema alimshikisha utepe kama taniboi, utingo wa lori: shika hapa, sogea pale, usiulegeze. Kila futi ya lori la kweli kwake ikawa inchi. Kichwa cha lori alikikata kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia. Springi akazifanya kwa vipande vya msumeno wa chuma, kimoja juu ya kingine, kifupi chini ya kirefu, na ukilibonyeza linabonyea na kurudi kama lori lililopakuliwa. Magurudumu ni kandambili zangu za bluu. Sikujua mpaka nilipozitafuta kwenda bafuni. Alizikata mviringo, akazipanga, akachora meno ya tairi kwa kisu kilichopashwa moto. Kisu hicho na chuma chake cha kulehemu vilipashwa kwenye jiko langu, na ndiyo maana chai ya nyumba hii imekuwa na harufu ya karakana tangu mwaka uanze.

Lakini mara ya kwanza halikwenda. Lilikuwa zito, na ile mota imezoea kigari cha plastiki. Ililia, ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Rehema hakula siku hiyo. Kisha akaenda Kariobangi kwa fundi wa redio, akarudi na matumbo ya kinanda cha kanda kilichokufa, vijigurudumu vya meno tupu. Akavipanga ili mota izunguke sana na tairi lizunguke kidogo. "Mama, hii ndiyo gia ya kwanza ya baba," akaniambia. Lilipotoka tena lilitambaa polepole, likazama kwenye tope la uwanjani, nikajua limekwisha. Likajisukuma, likatoka! Watoto wakapiga kelele wakiita gari kwa lugha ya mtaani, "Dinga! Dinga!" Na mimi nilipiga vigelegele kama niko harusini.

Sasa jambo lenyewe. Huko Industrial Area yuko Kalasinga mmoja mwenye karakana ya kujenga bodi za malori. Baba yake Rehema humpelekea lori, na alimwambia habari za binti yake. Yule mzee akacheka ndani ya ndevu, akasema hajawahi kuandika msichana kazi, lakini Jumatatu aje mwenyewe na hilo gari. Likipanda rundo lake la kokoto likiwa na mzigo, atamweka kwa wale wanaochora na kupima bodi, ajifunze kazi. Jumatatu hii. Keshokutwa. Jumanne mzee anasafiri kwenda kwao India, na nafasi ataipa mtoto wa rafiki yake.

Rehema amekuwa akilipakia pakiti ya unga na kulipandisha ngazi ya choo cha wapangaji wa ploti kila jioni. Linapanda. Nasema mimi niliyeliona, linapanda.

Na mimi ningenyamazaje? Nilisema sokoni. Nilisema bombani. Juzi kwenye kumenya vitunguu vya harusi nilisema mpaka mama wa bwana harusi akaniambia, "Wewe bi, leo tunamuoza mwanangu au gari lako?" Wakacheka wote, nikacheka nao, nikaendelea.

Asubuhi ya leo, mvua ikinyesha, askari wa chifu akabisha. "Mama Rehema, chifu anaomba uende na binti, mje na hilo gari na vyombo vyake."

Unajua niliwaza nini? Niliwaza wanampa zawadi.

Wallahi. Nilitoa buibui jipya, nikajipaka na manukato ya Idi. Nikamfunika Rehema mwamvuli yeye na gari lake, mimi nikalowa. Njia nzima nikisema dirisha kwa dirisha, "Chifu ametuita! Anataka kuliona!" Rehema akaninong'oneza, "Mama, taratibu." Nikamwambia taratibu ya nini, watu wajue.

Chifu alitupokea vizuri. Akaagiza tuwekewe viti. Akasema, "Hebu tuone." Rehema akaliweka kwenye uwanja wa ofisi, akavuta ule waya wa kisanduku, na lori likaondoka mbele ya yule askari aliyetuita, likapita dimbwi, likapanda ngazi ya baraza ya chifu, likasimama mbele ya viatu vyake. Askari alipiga makofi. Chifu mwenyewe alicheka akainama kulipapasa springi. "Huyu msichana ni hatari," akasema.

Mimi nilikuwa nimefura kama andazi.

Kisha akakichukua kisanduku mkononi, akakigeuza. "Hiki kinarusha redio, au vipi?"

Rehema ana akili. Alikwisha kuona jambo ambalo mimi sikuliona. Akajibu polepole, "Ni kidogo tu, bwana chifu. Kama kutoka hapa hadi mlangoni."

Na mimi hapo. Mimi mama yake. Nikaona mwanangu anajishusha mbele ya mkubwa, nikashindwa kuvumilia. "Mlangoni gani! Bwana chifu, usimsikilize, ana haya. Hicho kinafika ng'ambo ya barabara! Nimeona kwa macho yangu! Akiongeza waya mrefu kidogo kingefika hata sokoni!"

Sikumbuki nani alicheka mwisho. 

Chifu akakaa. Akasema, "Mama Rehema, unakumbuka ule mwezi wa nane, mwaka juzi?"

Nani asiyekumbuka. Asubuhi ile redio ilisema serikali ni nyingine, jioni ikasema ni ile ile, na katikati hapo sisi tulikuwa chini ya vitanda.

"Tangu wakati huo, chombo kinachorusha ni chombo kinachorusha," akasema. "Mimi hapa naona ni mchezo wa gari. Lakini mtaa mzima unasema binti wa Mama Rehema ana mtambo. Yakifika mjini kabla sijaandika, nitaulizwa mimi. Nina watoto, mama."

"Bwana chifu, si umeona ni gari tu?"

"Nimeona. Na wewe umenieleza kinafika sokoni."

Akakitia kisanduku kabatini, akafunga kwa ufunguo. Ataandika barua mjini, akijibiwa atatuita. Inaweza kuwa wiki kadhaa. Rehema akamwambia habari ya Jumatatu, akaomba akiazime siku hiyo moja, askari aende naye, akirudishe jioni. Aliomba kwa adabu ambayo mimi sina. Chifu akatazama mezani. "Binti yangu, siwezi." Na nilimwamini, hapo ndipo pabaya. Sikuona mtu mbaya wa kumgombeza. Niliona mtu mwenye hofu kama yangu, ila yeye ana ufunguo.

Nikajaribu. Nilimwita kwa jina la ukoo wake, nikamkumbusha viazi alivyokula kwangu. Nililia kidogo, na kilio kilikuwa cha kweli. Askari akatufungulia mlango. Chifu akasema kwa nyuma, "Na hilo gari lenyewe, msilitembeze mbele za watu mpaka nipate jibu. Kwa faida yenu."

Tulirudi kwa njia ile ile. Yale madirisha yote niliyoyapigia kelele yalikuwa bado wazi.

Nilitaka anigombeze. Aseme, mama, mdomo wako. Ningejitetea, tungepiga kelele, tungelia, ingekwisha.  Lakini yeye aliingia, akavua viatu vya matope, akaviosha, akaliweka lori juu ya gazeti na kuchukua bisibisi.

"Unafanya nini?"

"Polisi wakija kutazama, Mama, ni afadhali wakute makopo."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu niende na nini?"

"Nenda ulisukume kwa mkono! Mzee aone springi, aone gia..."

"Mzee alisema lipande kokoto." Alisema hivyo bila hasira, akiwa anatoa tairi la mbele. "Na chifu amesema tusilitoe nje. Nikikamatwa nalo njiani na hiki kidude cha kupokea ndani, nani atakuja kunitoa? Wewe?"

 Nani, kweli? Mimi na maneno yangu?

Nimefikiri kwenda kwa Kalasinga mwenyewe kesho, lakini Jumapili karakana imefungwa na nyumbani kwake sikujui. Nimefikiri kurudi kwa chifu, lakini nitamwambia neno gani nisilomwambia? Nimefikiri kumfuata Salma awatafute wale Wazungu waje waseme ni kitu cha mtoto. Wameshapanda ndege zamani. Kila ninapogeukia ni ukuta, na huyu mtoto yuko nyuma ya pazia anatoa skrubu moja baada ya moja na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa, kwa mpangilio, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Hata kulivunja analivunja vizuri.

Nilienda nikapiga magoti karibu naye nimsaidie. Nikashika kichwa cha lori, sikujua nivute wapi. Akaninyang'anya taratibu. "Utapinda hapo, Mama."

Nikarudi kwenye viazi.

Muda mfupi uliopita Mama Njoki, jirani yetu mpya wa chumba cha mwisho, alisimama mlangoni amembeba mtoto wake mgongoni. Mwanamke mzuri, mcheshi. Hajakaa hapa hata mwezi. "Mama Rehema! Nimeambiwa kuna gari hapa linatembea peke yake kama lina shetani! Huyu mtoto hanipi usingizi, anataka kuliona. Tuonyeshe basi!"

Pazia lilikuwa limefungwa. Bisibisi ikasimama.

Mimi, ambaye kwa swali kama hilo ningeacha hata chungu kiungue. Mimi ambaye ningemvuta ndani kwa mkono, nikamkalisha, nikaanzia kwenye debe la mafuta na kumalizia kwenye kandambili.

"Gari gani?" nikasema.

"Si la binti yako? Lile la redio?"

"Hapa hakuna gari. Watu wa mtaa huu wana maneno mengi."

Akanitazama, akachanganyikiwa, akaomba radhi, akaenda zake na mtoto wake akilia.

Nilingoja bisibisi ianze tena.  Kisha Rehema akafungua pazia kidogo akanitazama. Sikuona chuki usoni mwake, na laiti ningeiona. Alinitazama kama mtu anayesikia jambo likithibitishwa, kwamba gari limekwisha kweli, hata mama amelikana. Akalifunga.

Sasa inazunguka tena, ile bisibisi. Kesho itakuwa Jumapili, na nyuma yake Jumatatu inakuja tu, haina mtu wa kuizuia. Nimesema habari za mwanangu kwa kila mwenye masikio, na leo sina hata neno moja la kumwambia yeye mwenyewe. Nitaanzaje?