Sentimita Mbili

Kwako Baba Bosi,

Huku tunapumua. Cherehani yangu imepona, na fundi bomba amekuja baada ya kuniahidi mara saba. Binti yako Bosi kila jioni anachagua paja la kudungwa sindano ya homoni ya ukuaji, kisha ananikemea nisifumbe macho.

Jumatatu mwalimu mkuu alituita. Alitaka kumrudisha chekechea, eti wenzake wa darasa la tatu wanampita kimo. Nikamfungulia kadi ya kliniki: miezi mitatu, sentimita mbili.

"Mwalimu, anakua. Na akili haipimwi kwa rula."

Bosi akadakia, "Halafu chekechea hawajui kugawanya."

Mwalimu akanirudishia kadi. Mtoto amebaki darasani kwake.

Sasa lile neno la mama yako, kwamba aliyeumbwa mfupi aachwe mfupi, nawe ukaliunga mkono kwa simu. Nililia siku moja, yakaisha. Sindano siachi. Ukirudi, njoo tayari kujifunza kumdunga mwanao. Kama hutaki, baki huko huko.

Ni mimi mkeo, nisiyebembeleza,
Mama Bosi